Deni la Bodi kwa mwenye mshahara mdogo: usilikimbize, lifuatilie

Hofu ya deni la Bodi imebaki mitaani ilhali kilichoileta kimeshaondoka. Kwa miaka mingi mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, HESLB, alitozwa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la tozo ya kutunza thamani ya fedha. Chukua deni la milioni 12. Asilimia 6 yake ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kila mwezi. Mwenye mshahara wa 600,000, enzi za makato ya asilimia 8, alikatwa 48,000. Kwa hiyo alikatwa mwezi baada ya mwezi na deni likazidi kupanda kwa 12,000. Ndiyo maana mtu alifanya kazi miaka mitano, akaomba taarifa ya deni lake, akakuta namba kubwa kuliko aliyoanza nayo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yakapandisha makato hadi asilimia 15. Kwa mshahara uleule ikawa 90,000, lakini 60,000 iliishia kwenye tozo, na 30,000 tu ndiyo iliyogusa deni lenyewe.

Tozo hiyo ilifutwa kuanzia Julai 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuitangaza kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka huohuo. Ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo ikaondolewa. Kilichobaki juu ya fedha uliyokopa ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja tu. Uliyekopa milioni 12 unadaiwa milioni 12 na laki moja na elfu ishirini, na hapo ndipo namba inaposimama. Ukiwa mnufaika wa zamani, fungua taarifa ya deni lako utazame safu ya tozo ile: baada ya Julai 2021 haipaswi kuwa imeongezeka hata shilingi.

Hili linabadilisha kila kitu kwa mtu wa kipato kidogo. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu mikopo ya masomo umetoka Marekani, ambako riba huhesabiwa kila siku na kuchelewa kunauma. Msomaji wa Kenya naye ana hesabu zake: bodi ya mikopo ya kwao, HELB, inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa anapigwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi, kwa hiyo kwake kukaa kimya ni kosa la gharama. Kwa mnufaika wa Tanzania, deni la Bodi leo ndilo deni rahisi kuliko yote atakayowahi kuwa nayo. Halizai. Na kwa kuwa bei za vitu zinapanda, linapungua uzito lenyewe: mfumuko wa bei ukikaa kwenye asilimia 3 kwa mwaka, 90,000 utakayokatwa miaka kumi ijayo itakuwa na nguvu ya kama 67,000 ya leo. Kinachowaumiza watu sasa ni rekodi mbovu, makato yasiyofika, na mikopo mingine inayokopwa ili kuziba pengo la makato haya.

Anza kwa kujua unadaiwa nini. Wahitimu wengi wanakumbuka boom, ile posho ya chakula na malazi, na kusahau vingine. Tuseme mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyeanza mwaka wa masomo 2022/23, boom ilipopanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Alipokea mafungu manne ya 600,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Vitabu na viandikwa, 200,000 kwa mwaka, ni 600,000. Ada, kama alikopeshwa milioni moja kwa mwaka, ni 3,000,000. Mafunzo kwa vitendo, ile field, siku 56 kwa 10,000 mara mbili, ni 1,120,000. Jumla 11,920,000, na asilimia 1 ni 119,200. Deni lote ni 12,039,200.

Fanya hesabu hiyo kwa mkopo wako mwenyewe kabla hujafungua taarifa ya Bodi, kisha linganisha. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa mfano siku za field zilizohesabiwa kwa namna nyingine. Tofauti ya fungu zima la boom si ya kuachia. Mara nyingi sababu ni hii: mwanafunzi aliahirisha mwaka au alihama chuo, fungu likatumwa chuoni, hakusaini, na fedha zikarudishwa Bodi bila kufutwa kwenye jina lake. Hapo unahitaji barua ya chuo inayosema hukupokea fungu hilo, ikitaja mwaka wa masomo na kiasi. Iombe mapema, maana aliyekuwa afisa mikopo chuoni akihama, anayeshika nafasi yake anaanza kutafuta mafaili upya.

Utambulisho wako kwa Bodi ni namba ya mtihani wa kidato cha nne na mwaka ulioufanya. Mambo mengi yanaharibikia hapo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na mkopo umeandikwa kwa ile aliyoombea. Dada aliyeolewa akabadili jina kazini anaonekana mtu mwingine kabisa kwenye orodha ya mwajiri. Anayeitwa majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye mkataba wa kazi naye yumo. Mwajiri akiwasilisha makato, analipa kwa mkupuo mmoja wenye orodha ya wafanyakazi. Namba yako ya kidato cha nne ikikosewa tarakimu moja, fedha imefika Bodi lakini haina mwenyewe. Siku ya kwanza kazini mpe mhasibu nakala ya cheti cha kidato cha nne, na usimwachie aandike kwa kusikia.

Sasa slipu ya mshahara. Chukua mwalimu wa shule binafsi mwenye mshahara wa msingi wa 600,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inachukua 60,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa kwenye kilichobaki, 540,000: kwa viwango vya sasa ni 20,000 kwa ile 520,000 ya kwanza, na asilimia 20 ya 20,000 iliyozidi, jumla 24,000. Bima ya afya, kama yuko NHIF, asilimia 3, ni 18,000. Bodi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ni 90,000. Anakwenda nyumbani na 408,000. Angalia kwamba asilimia 15 inapigwa kwenye mshahara kabla haujaguswa. Wengi wanadhani inapigwa kwenye kinachobaki, wanapanga bajeti kwa 61,200 (asilimia 15 ya 408,000), kisha wanashangaa karibu elfu thelathini imekwenda wapi.

Kwa deni lile la 12,039,200 na makato ya 90,000, anamaliza kwa miezi 134, miaka 11 na miezi miwili. Inasikika ndefu, lakini mshahara hausimami. Ukipanda hadi 700,000 makato yanakuwa 105,000. Hapa kuna jambo la kupangia mapema: katika nyongeza hiyo ya laki moja, NSSF inakula 10,000, bima 3,000, Bodi 15,000, na kodi 18,000. Kinachofika mkononi ni 54,000. Mtu anayeahidi kwao kutuma laki moja zaidi kwa sababu "nimepandishwa mshahara" ameshaanza kukopa kabla mwezi haujaisha.

Kwa mtumishi wa umma mwenye 800,000 hesabu iko hivi: PSSSF, mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 40,000, kodi 68,000, bima 24,000, chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000, Bodi 120,000. Mkononi 532,000. Deni lile linakwisha kwa miezi 101, miaka minane na miezi mitano.

Mtumishi mpya ana mtego wake. Kanuni inataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Kwa 800,000 theluthi ni 266,667. Miezi ya mwanzo, kabla makato ya Bodi hayajaingia kwenye mfumo, slipu inaonyesha 652,000, na afisa mikopo wa benki anapiga hesabu kwa namba hiyo: nafasi ya rejesho ni 385,333 kwa mwezi. Ukichukua yote, umebaki na theluthi kamili. Mwezi wa nne au wa tano Bodi inaingia na 120,000 zake. Sasa ni ama makato yakatike ubaki na 146,667, au yagonge ukuta wa theluthi na deni likae bila kuanza kulipwa huku wewe ukidhani linalipwa. Yote mawili yanaepukika kwa kuandika tu asilimia 15 pembeni ya slipu na kuitoa kabla hujazungumza na benki. Nafasi yako halisi ni 265,333, na hata hiyo si lazima uijaze.

Sheria inampa mhitimu miezi 24 baada ya kumaliza au kuacha masomo kabla ya kutakiwa aanze kurejesha. Aliyeachia mwaka wa pili hajasamehewa; anadaiwa alichochukua. Mwajiri ana siku 28 za kuitaarifu Bodi kwamba ameajiri mhitimu, na siku 15 baada ya mwezi kwisha kuwasilisha makato aliyokata. Tarehe hizi zijue hata kama wajibu ni wa mwajiri, kwa sababu ndizo zinazokuambia lini uanze kuuliza.

Na utauliza. Tatizo baya kuliko yote katika sekta binafsi ni mwajiri anayekata na hapeleki. Slipu inaonyesha 90,000, taarifa ya Bodi haionyeshi kitu. Sababu si wizi kila mara. Wakati mwingine ofisi imekwama kifedha na mhasibu anaanza kwa kulipa kodi, kwa kuwa TRA wanabisha hodi haraka zaidi. Wakati mwingine bili imetengenezwa mfumoni na haikulipwa. Kwako wewe matokeo ni mamoja. Ingia kwenye akaunti yako ya Bodi kila baada ya miezi mitatu, uangalie malipo matatu yaliyoingia na tarehe zake. Makato ya Januari yanapaswa kuonekana katikati ya Februari au muda mfupi baadaye. Yakikosekana mwezi mmoja, muulize mhasibu kwa mdomo. Yakikosekana miezi mitatu, andika barua ya ukurasa mmoja kwa afisa utumishi, ambatisha nakala za slipu tatu, taja namba yako ya kidato cha nne, na nakala ipeleke Bodi. Usiandike kwa hasira. Barua yenye slipu tatu na namba ya kidato cha nne inafanyiwa kazi. Malalamiko matupu yanapigwa muhuri na kuwekwa kwenye faili.

Slipu zenyewe zitunze. Shule au kampuni ikifungwa, hakuna ushahidi mwingine kwamba ulikatwa. Piga picha kila slipu siku unayoipokea na uitume kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa, na makaratasi hupotea wakati wa kuhama chumba. Mtumishi wa umma anaweza kuzipata slipu za nyuma kwenye mfumo, lakini mtu wa sekta binafsi ana alichotunza tu.

Ukihama kazi, pengo linaanza kimyakimya. Mwajiri wa zamani ameacha kukata, mpya hajui kitu, na hakuna anayekudai kwa miezi minane. Deni halikui, ndiyo, ila umeanza kuzoea mshahara mnono usio wako. Makato ya 90,000 yatakaporudi, ndiyo yatakayokupeleka kwa mkopeshaji. Njia nyepesi: tangu mshahara wa kwanza pale papya, toa mwenyewe asilimia 15. Ama ulipe Bodi moja kwa moja kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya Serikali, ama uiweke pembeni kama akiba ya dharura mpaka makato yaanze rasmi. La pili lina faida kwa asiye na akiba kabisa, maana miezi minane ya 90,000 ni 720,000, na hiyo ni kinga kubwa kwa mtu anayepokea laki nne.

Aliyejiajiri, au anayeishi kwa vibarua, kiwango chake ni shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, kile kilicho kikubwa. Hapa sheria imemkalia vibaya mwenye kipato kidogo. Mwajiriwa wa 250,000 angekatwa 37,500. Mwenye genge anayepata 250,000 hiyohiyo anatakiwa atoe 100,000, asilimia 40 ya alichonacho. Wengi wakiona hivyo wanaamua kutolipa kabisa, na huo ndio uamuzi mbovu. Lipa unachoweza, kwa tarehe ileile kila mwezi, hata 30,000, kisha nenda ofisi ya Bodi iliyo karibu, kama Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma au Zanzibar, ukiwa na rekodi ya malipo yako ya miezi kadhaa na maelezo ya kipato kwa maandishi. Mtu mwenye risiti sita za 30,000 anazungumza na afisa kama mlipaji. Asiye na hata moja anazungumza kama mdaiwa sugu, na majina ya wadaiwa sugu hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ambako benki huangalia kabla ya kukopesha. Kumbuka pia yupo mdhamini aliyesaini fomu yako. Kwa wengi ni mzazi au mjomba, na yeye ndiye anayepigiwa simu wewe usipopatikana.

Kulipa mwenyewe si kazi. Ingia kwenye akaunti yako, tazama salio, omba kontroo namba ya kiasi unachotaka kulipa. Ni tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kwa M-Pesa unapiga *150*00#, unachagua kulipa, kisha malipo ya serikali, unaingiza kontroo namba na kiasi. Mitandao mingine na mawakala wa benki wanafuata njia hiyohiyo. Malipo yakikataliwa, chunguza mambo mawili kabla ya kumlaumu wakala: namba imeshapita muda wake, au umetuma kiasi tofauti na ulichoombea. Ukiomba namba ya 100,000 halafu ukatuma 80,000, inaweza kugoma. Omba upya ya 80,000. Tunza ujumbe wa simu wenye namba ya muamala. Na mtu yeyote anayekuomba utume marejesho kwenye laini yake, au kwenye lipa namba ya duka, hata kama ana kitambulisho shingoni, ni tapeli. Fedha ya Serikali inapita kwenye kontroo namba.

Sasa lile la madeni mengine, ambalo ndilo kiini cha kuishi na makato haya. Mwalimu wetu wa 408,000 haangushwi na Bodi. Anaangushwa na kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: chumba cha 60,000 ni 360,000 siku moja, kwa mtu anayepokea 408,000. Hana akiba, anakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Anachukua laki tatu na kurudisha laki tatu na sitini mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika hawezi kutoa 360,000 na kula, anatoa zile 60,000 za juu tu ili apewe mwezi mwingine. Kwa miezi sita ametoa 360,000 na bado anadaiwa laki tatu zilezile. Mkopeshaji ameshika kadi yake ya benki na namba ya siri, kwa hiyo hata nafasi ya kuchelewa hana.

Linganisha na Bodi. Ukiongeza 20,000 kila mwezi juu ya makato ya 90,000, deni la Bodi linakwisha kwa miezi 110 badala ya 134. Umewahi kwa miaka miwili, ila hujaokoa hata shilingi, kwa sababu jumla utakayolipa ni ileile. Hizo 20,000 ukizielekeza kwenye kupunguza deni la kausha damu lenye asilimia 20 kwa mwezi, kila elfu ishirini inakuokolea elfu nne mwezi unaofuata, na unaofuata, na unaofuata. Kwa hiyo mpangilio uko wazi: kwanza mkopo wa mtaani, kisha mikopo ya kwenye simu, kisha kikoba kama umechelewesha, kisha benki. Bodi iache ijikate yenyewe. Anayelipa Bodi ziada huku anadaiwa Songesha, mkopo wa M-Pesa, anamwaga maji mtoni huku nyumba yake inaungua.

Mikopo ya simu inadanganya kwa udogo wake. Elfu kumi ya nauli inayotozwa mia moja kwa siku unaiona si kitu. Kwa mwezi ni elfu tatu, yaani asilimia 30. Ukishaona umekopa kwenye simu miezi mitatu mfululizo, makato hayana kosa, bajeti ndiyo iliyopangwa kwa mshahara wa kwenye mkataba badala ya ule wa mkononi.

Dawa ya kodi ya nyumba ni kuilipa kila mwezi hata kama mwenye nyumba haidai kila mwezi. Siku mshahara unapoingia, 60,000 inahamia mahali pagumu kufika: akaunti ya benki nyingine isiyo na kadi, au kikoba kinachovunjwa mwezi kodi inapodaiwa. Kwa anayeanza leo akiwa na miezi miwili tu mbele yake, zungumza na mwenye nyumba ukiwa umeshika 180,000 mkononi, umwombe miezi mitatu. Wengi hawakatai fedha iliyo mezani. Ukimwendea mikono mitupu na ahadi, atakupa notisi. Kwenye 408,000, baada ya 60,000 ya kodi inabaki 348,000. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, siku 24, ni 57,600. Kwa hiyo chumba cha 75,000 kilicho umbali wa kutembea kutoka kazini ni rahisi kuliko cha 60,000 cha mbali. Hesabu kama hizi ndizo zinazorudisha ile 90,000.

Ziko hali ambazo kulipa Bodi haraka kuna maana. Salio limebaki dogo, tuseme laki tatu, na unataka slipu iwe safi kabla ya kuomba mkopo wa kiwanja: lipa. Umepata kazi Oman au Qatar na mwajiri wako huko hahusiki na makato: weka malipo ya mwenyewe ya kila mwezi, au punguza kwa mkupuo kabla hujaondoka, kwa sababu mdhamini amebaki hapa. Au unajijua kwamba fedha ikikaa mkononi inayeyuka na huna deni lingine. Basi afadhali iyeyukie Bodi.

Mwisho wa deni unahitaji macho kuliko mwanzo wake. Mfumo wa mshahara hausimami wenyewe siku salio linapofika sifuri, unahitaji kuambiwa. Miezi mitatu kabla, kwa hesabu yako, omba taarifa ya deni. Kama salio ni 230,000 na unakatwa 90,000, imebaki miwili kamili na wa tatu wa 50,000. Peleka taarifa hiyo kwa mhasibu mapema, kwa barua, ukitaja mwezi wa mwisho na kiasi cha mwisho. Mishahara mingi hufungwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi, kwa hiyo barua inayofika tarehe 20 imeshachelewa na utakatwa mwezi mmoja zaidi.

Ukikatwa zaidi, fedha hiyo inarudishwa, ila kwa kuomba. Utahitaji slipu za miezi yote iliyozidi, taarifa ya deni inayoonyesha salio hasi, nakala ya kitambulisho, na namba ya akaunti ya benki yenye jina lilelile lililoko kwenye mkopo. Jina la akaunti likitofautiana, hata kwa herufi, malipo yanarudi na unaanza upya. Pamoja na hayo omba hati ya kumaliza mkopo. Taarifa yenye sifuri peke yake haitoshi, maana mwajiri mwingine miaka mitano ijayo anaweza kukuona kwenye orodha ya wahitimu na kuanza kukata tena, na karatasi ya kumzuia ni hiyo hati. Mdhamini wako naye mpe nakala.